Kichwa Kilichosubiri Mabunda Sita

Ilikuwako nchi moja, na kwa kuwa mpaka sasa bado iko, sitaitaja jina. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya amani, utulivu na mikutano, na kwamba wananchi wake walikuwa wamefunzwa utaratibu kiasi cha kupanga foleni hata mahali pasipogawiwa kitu, ili kitu hicho kikija siku yoyote kikute watu wamekwisha kujipanga.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Mambo ya Haraka. Wizara ilikaa katika jengo refu ambalo lifti yake ilikuwa mbioni kutengenezwa tangu utawala uliopita. Waziri wake, Mheshimiwa Profesa Tegemeo Lubasha, alikuwa mtu mwenye elimu nyingi na safari nyingi zaidi, na ndiye aliyeleta kutoka ng'ambo habari za fedha mpya isiyoshikika.

Nitalieleza jambo hili polepole, kwa maana hata Waziri alielezwa polepole. Fedha hiyo haikai mfukoni wala benki; hukaa mtandaoni. Mtu akimlipa mwenzake, malipo yake hukusanywa pamoja na malipo ya watu wengine katika bunda moja, na bunda hilo hufungwa. Kisha juu yake huwekwa bunda jingine, na jingine tena, kama mchuuzi apangavyo magunia ya mkaa. Mabunda yakifika sita, hakuna tena mjanja awezaye kuyapangua ili ayafute malipo yake. Hapo ndipo muamala huhesabiwa kuwa umethibitishwa. Huko ng'ambo kazi hiyo hufanywa na mashine, nayo huchukua muda wa kuchemsha maharage.

Waziri alipoyasema hayo Bungeni, ukumbi mzima ulinung'unika.

"Mheshimiwa Spika," alisimama mbunge mmoja ambaye kelele zilikuwa zimemwamsha, "hivi Mheshimiwa Waziri anataka kutuambia kwamba bunda la fedha za taifa lifungwe na mashine, chumbani, bila hata mgeni rasmi?"

"Aibu!" wengine wakaitikia.

"Mheshimiwa Spika, jimboni kwangu tulizindua choo cha shule chenye tundu moja. Palikuwa na utepe, palikuwa na kwaya, na mgeni rasmi alikitumia papo hapo! Leo fedha ya taifa ikose heshima iliyopewa tundu?"

Meza zilipigwa mpaka vipaza sauti vikazimika. Siku hiyohiyo ikapitishwa Sheria ya Heshima ya Mabunda. Fedha mpya ikaitwa Fahari, noti za zamani zikastaafishwa kwa gwaride, na ikaamriwa kwamba hakuna bunda litakalofungwa pasipo mgeni rasmi kukata utepe.

Ratiba ya uzinduzi wa bunda ilikuwa nyepesi. Wananchi waliwasili alfajiri. Viongozi wadogo waliwasili baada yao, ili kuhakiki kwamba wananchi wamewasili. Kisha wote kwa pamoja walimsubiri mgeni rasmi, ambaye sikuzote alikuwa njiani. Alipofika, palikuwa na wimbo wa taifa, dua, kwaya, ngonjera, risala, hotuba, neno la shukrani na picha ya pamoja. Baada ya picha ya pamoja ndipo mtambo ulipobonyezwa, isipokuwa kama umeme ulikuwa umekatika. Na hapo bunda liliahirishwa, na ratiba ikaanza tena kwa kuwasili kwa wananchi.

Jambo moja tu la ng'ambo lilipokewa bila kubadilishwa. Waziri aliwaeleza maafisa wake kwamba huko, mtu akitaka muamala wake uingie bundani mapema, huongeza kitu kidogo; na kadiri anavyoongeza ndivyo anavyotangulia, na watu wote huona. Maafisa walitazamana huku machozi yakiwalengalenga. Miaka yote walikuwa wakiifanya kazi hiyo kwa kujificha chini ya meza, bila kujua kwamba ni teknolojia.

Wizara ilijenga vilevile Ukumbi wa Kusubiria, wenye feni na viti vya sponji, kwa ajili ya miamala ambayo haijaingia bundani. Wananchi waliotaka kuketi humo walizuiwa mlangoni. Walipochungulia dirishani na kusema kwamba viti vyote ni vitupu, walifafanuliwa kwa upole kwamba muamala hauonekani kwa macho, na kwamba si adabu kumkalia mwenzako. Basi wananchi wakasimama juani, na miamala ikapepewa.

Maisha yaliendelea, kwa sababu maisha hayana mahali pengine pa kwenda. Mama lishe waliuza wali papo hapo, na mchuzi wakautoa baada ya uthibitisho.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo alikuwako fundi baiskeli aitwaye Mfaume. Alimpenda Chausiku, binti wa Mzee Kibwana, na Chausiku alimpenda yeye. Jambo hilo walikuwa wamelimaliza wenyewe zamani, bila kwaya. Kikwazo kilikuwa Mzee Kibwana. Mzee huyu alikuwa balozi wa mtaa, mtu aliyetazama taarifa ya habari akiwa amesimama wima, na tayari alikuwa na mposaji mwingine: Bwana Mnubi, mwenye mashine ya kusaga nafaka.

"Huyo fundi wako aje nimwone kabla mtama haujaingia ghalani," Mzee Kibwana alimwambia binti yake. "Aje nadhifu, kichwa kimenyolewa kama cha mtu mwenye nia. Mtama ukiingia wote sijamwona, mkwe wangu ni Mnubi, na neno hilo sitalirudia."

Mfaume hakuwa mzembe. Mtama ungali kijani kibichi alipoingia katika kibanda cha kinyozi aitwaye Pazi, akakaa kitini.

"Fundi, ninyoe kipara safi. Naenda ukweni."

"Ukweni! Basi tulia, usitingishike. Nikikukwangua sikio watakupandishia mahari wakidhani husikii."

Pazi alianza na upande wa kulia, kama adabu inavyotaka. Wembe ulipita mpaka ngozi ikang'aa. Alipofika katikati kabisa ya utosi alisimama, akaufuta wembe, akakunja mikono.

"Mbona umesimama?" aliuliza Mfaume.

"Lipa."

"Maliza kwanza, bwana we."

"Ndugu yangu, Chama cha Vinyozi kilikaa. Watu walikuwa wananyolewa, wanalipa kwa Fahari, wanaondoka wakipiga mluzi. Kumbe muamala umekaa Ukumbini unapepewa feni. Sasa mimi nikamrudishie nani nywele? Tumepitisha azimio." Akaonesha bango ukutani. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu: NUSU KWA IMANI, NUSU KWA UTHIBITISHO.

"Na huo uthibitisho unakuja lini?"

"Bunda linazinduliwa leo hii. Mgeni rasmi yuko njiani."

Mfaume akalipa kwa simu. Kioo cha simu kikaandika: *Muamala wako umeketi Ukumbini. Tafadhali usiusumbue.*

Jua lilipopinda mgeni rasmi akiwa bado njiani, Mfaume alivuka barabara kwa kinyozi wa pili. Kinyozi huyo alimwona kabla hajaingia, akasimama mlangoni na fagio.

"Rudi hukohuko! Kichwa hicho kina muamala."

"Upande mmoja tu, kaka. Nakuomba."

"Kichwa kimoja kwa vinyozi wawili? Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika fedha hii. Ni sawa na kununua mbuzi wawili kwa shilingi ileile. Unataka nifungiwe kibanda?"

Mfaume akanunua kofia. Alikuwa hajapita nayo sokoni mara mbili alipokutana na Bi. Zawena, Afisa Uwazi wa Wizara, mama mpole aliyekuwa akitembea na kitabu cha sheria kwapani.

"Vua, mwanangu."

"Mama, jua kali."

"Najua. Lakini Kitabu cha Fahari, chenye orodha ya miamala yote, kiko wazi kwa umma wote. Anayeficha muamala unaosubiri anaficha Kitabu, na muamala wako wewe uko kichwani. Vua, umma uone."

"Umma umeona, mama. Umma unacheka tangu kwenye nyanya."

"Ndio uwazi wenyewe huo," alisema Bi. Zawena, akaichukua kofia na kumwandikia stakabadhi.

*

Chausiku, ambaye alikuwa amemngoja nyumbani bila kumwona, alimfuata kwenye karakana yake ya baiskeli. Alimkuta ameinamia gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

"Wameniambia kuna maonyesho huku," alisema, "nikasema nisipitwe."

"Chausiku, usinicheke."

"Nani anacheka?" Alisimama upande wa kushoto, akamkagua. "Huyu namjua." Akazunguka taratibu mpaka upande wa kulia. "Na huyu bwana, amefika lini?"

"Ni mabunda sita tu. Yakitimia, Pazi ananimalizia, nakuja kwa baba."

"Na mtama je?"

"Mtama bado mbichi."

"Mtama haumngoji mgeni rasmi, Mfaume. Unaiva wenyewe." Hapo aliacha mzaha. "Mnubi ameleta unga nyumbani. Mama ameupika. Baba amekula, akaomba tena, akausifu."

Mfaume aliachia gurudumu. "Ameusifu?"

"Amesema ni mlaini."

Katika nchi ile, ugali wa mposaji ukishaitwa mlaini, kilichobaki huwa ni kukodi viti. Mfaume aliapa kwamba kuanzia siku hiyo atahudhuria kila uzinduzi, na ikibidi ataisukuma serikali kwa mkono.

*

Na kweli aliisukuma. Alifika viwanjani kabla ya wananchi wengine, akapanga viti, akamwagia vumbi maji, akajaza upepo matairi ya magari ya viongozi bila malipo. Kitu asichoweza kukijaza upepo kilikuwa ratiba.

Mgeni rasmi wa bunda la kwanza alikuwa na desturi ya kuzindua chochote chenye utepe. Njiani alizindua soko la samaki, zizi, na harusi ya watu, na alipofika kwenye bunda mkasi ulikuwa butu. Bunda la pili lilikwenda vizuri mpaka kwaya ilipoimba majina ya viongozi kwa mpangilio wa vyeo na kumsahau Afisa Mazingira. Naye akasimama, akalia, na wimbo ukaanza upya tangu kiitikio. Bunda la tatu lilipata mgeni rasmi mwenye haraka, aliyesoma hotuba ya mahali pengine kuhusu chanjo ya kuku, na kwa kuwa ilikuwa hotuba nzuri haikukatizwa.

Katika bunda la nne palisomwa risala. "Sisi mabunda," alisoma msomaji kwa sauti ya majonzi, "pamoja na mafanikio haya, tunakabiliwa na upungufu wa uzio, kisima, na nyumba ya mlinzi." Mgeni rasmi alisikitika mno, akawaahidi mabunda kisima. Wananchi wa kiwanja hicho, ambao hawakuwa na kisima, walipiga makofi kwa niaba ya mabunda.

Bunda la tano liliahirishwa kwa mvua, kisha kwa jua, kisha kwa kutafakari.

Wakati huo wote kichwa cha Mfaume hakikukaa bure. Upande wa kulia ulianza kuwa mweusi kama chungu kilichosuguliwa vibaya. Kisha nywele zikafika kimo cha punje ya mchele. Kisha zikawa za kuchanwa kwa kitana. Mtama nao uligeuka kutoka kijani kuwa njano, ukainamisha vichwa, na akina mama wakaanza kunoa visu. Upande wa pili wa mtaa, mashine ya Bwana Mnubi ilisikika ikinguruma kwa furaha ya mtu asiye na mpinzani.

Bwana Mnubi mwenyewe alipita siku moja karakanani akiwa na baiskeli yenye pancha. Alikuwa na upara kamili, unaong'aa kama sahani, na hakuwa amemlipa kinyozi tangu ujana.

"Pole, kijana," alisema huku akijipapasa utosi. "Mimi Mungu aliniondolea foleni hii mapema."

Mfaume aliiziba pancha yake vizuri, kwa sababu kazi ni kazi.

*

Kwa bunda la sita alitangazwa mgeni rasmi mkubwa kuliko wote: Mheshimiwa Profesa Tegemeo Lubasha mwenyewe. Televisheni ya taifa ingerusha tukio. Mtama ulikuwa umekatwa tangu asubuhi, nao ulikuwa ukibebwa vichwani kuelekea ghala la Mzee Kibwana, mzigo baada ya mzigo.

Msafara wa Waziri ulipoingia mjini ulisimama ghafla mbele ya kibanda cha Pazi. Mheshimiwa alikuwa amejitazama kwenye kioo cha gari, akaona kwamba hafai kuonekana na taifa katika hali ile. Aliketi kitini akiwa bado anazungumza na simu mbili. Pazi alianza na kulia, kama adabu inavyotaka. Alipofika katikati ya utosi, alisimama, akaufuta wembe, akakunja mikono.

"Endelea," alisema Waziri.

"Bado malipo, Mheshimiwa."

Msaidizi wa Waziri akalipa mara moja, akaongeza na kitu kidogo ambacho hakikuwa kidogo.

"Imelipwa. Endelea!" alifoka Waziri.

"Nashukuru sana, Mheshimiwa. Muamala ukithibitishwa tu, naendelea."

"Wewe! Unajua unazungumza na nani? Mimi ndiye mgeni rasmi! Bila mimi hakuna kinachothibitishwa nchi hii!"

"Ndiyo maana sina wasiwasi nawe, Mheshimiwa," alisema Pazi kwa unyenyekevu. "Wenzako humngoja mgeni rasmi asiyejulikana alipo. Wewe unajingoja mwenyewe, na uko hapa hapa."

Waziri alimgeukia msaidizi wake. "Kofia."

"Mheshimiwa, kofia uliipiga marufuku kwa waraka."

"Kilemba?"

"Kiambatisho cha pili, Mheshimiwa."

Waziri akakimbilia garini, akafunga vioo vyeusi. Gari lilikwenda mpaka kiwanjani, likasimama nyuma ya jukwaa, na halikufunguka. Kwaya iliimba nyimbo zake zote, ikaanza kuimba za kwaya nyingine. Mfaume, aliyekuwa akipanga viti, alisikia walinzi wakinong'ona, akaelewa. Kwa mbali aliona mizigo ya mwisho ya mtama ikitoka shambani. Bunda lisipofungwa leo, Chausiku angekwenda kwa Mnubi. Akalisogelea gari, akagonga kioo kwa kidole kimoja.

Kioo kilishuka kidogo. Jicho likatokea.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mheshimiwa, siku ya kwanza ndiyo mbaya. Ya pili watu wanachoka. Siri ni kutabasamu. Ukitabasamu sana, kila mtu hudhani yeye ndiye hajaelewa."

Jicho lilimpima. "Nawe umewahi kunyolewa hivi? Upande gani?"

"Wa kulia, Mheshimiwa."

"Mbona una nywele?"

"Zimeota, Mheshimiwa. Nilianza kusubiri mapema."

Kisha mlango ukafunguka, na Waziri wa Mambo ya Haraka akapanda jukwaani akitabasamu kwa meno yote, nusu ya kichwa ikimeremeta na nusu ikiwa msitu.

Uwanja mzima uliinamisha kichwa upande mmoja ili uone vizuri. Hata watoto wachanga waliinamisha. Mshereheshaji, ambaye alikuwa na mke na mkopo wa nyumba, ndiye aliyepata akili kwanza.

"Ndugu wananchi!" alipaza sauti. "Mnajionea wenyewe! Mheshimiwa ametujia na Kichwa cha Uwazi! Nusu ni mafanikio yaliyopatikana, nusu ni changamoto zilizobaki! Makofi, tafadhali!"

Makofi yalivuma. Mkuu wa Wilaya, akiona kwamba kichwa chake kizima kinaanza kutazamwa vibaya, aliteleza nyuma ya jukwaa pamoja na mkasi wa utepe. Mkasi huo ukapita kutoka kichwa hadi kichwa, na viongozi waliporudi kwa ajili ya picha ya pamoja, wote walikuwa nusu. Utepe ukakatwa kwa mkasi uliojaa nywele. Mtambo ukabonyezwa. Umeme ulikuwepo.

Taarifa ya habari ilimwonesha Waziri tangu mwanzo hadi mwisho, na ikasisitizwa kwamba mtindo huo ni wa hiari kwa kila mzalendo.

*

Simu ya Mfaume ikalia: *Hongera. Muamala wako umethibitishwa.* Alikimbia hadi kwa Pazi.

"Hongera sana!" Pazi alimpangusia kiti. "Keti. Nina deni lako la upande wa kushoto."

"Fundi, tazama. Wa kulia umeota. Acha tu yote, kichwa kiko sawa sasa."

"Wa kulia nilikwisha kuukabidhi. Ukiota baada ya makabidhiano ni juu ya mteja."

"Basi futa muamala."

Pazi alicheka kwa huruma. "Sita yamekaa juu yake, ndugu yangu. Haufutiki. Hata Waziri hawezi."

Akanyoa kushoto mpaka ngozi ikang'aa. Mfaume alijitazama kwenye kioo. Alikuwa na nywele palepale Waziri alipokuwa na upara, na upara palepale Waziri alipokuwa na nywele.

"Nani ataniamini ukweni hivi? Mzee ni balozi! Nyoa na wa kulia, nalipa upya."

"Sawa. Lakini ni malipo mapya. Nakunyoa nusu ya nusu, nyingine baada ya mabunda sita."

Mfaume hakungoja kusikia mwisho wake.

Aliifikia nyumba ya Mzee Kibwana wakati mzigo wa mwisho wa mtama ukiwa uani, haujaingia ghalani. Chausiku ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama kichwani, akaing'ata kanga yake kwa nguvu, mabega yakimtetemeka.

"Ingia," alisema alipoweza kusema. "Na usijitetee kwa neno hata moja."

Sebuleni, Bwana Mnubi alikuwa ameketi, upara wake ukiwa umepakwa mafuta. Mbele yake alisimama Mzee Kibwana, wima, kama asimamavyo wakati wa habari. Mfaume alipomwona mzee huyo, alisahau kuamkia.

Mzee Kibwana alikuwa amemtazama Waziri kwenye televisheni, akamwita mkewe na wembe, akasimama ana kwa ana na kioo, akajinyoa upande uleule aliouona. Kwa kuwa mtu akikutazama uso kwa uso kulia kwake huwa kushoto kwako, mzee alikuwa amenyoa kushoto. Nusu ya nchi ilifanya kosa hilohilo siku ile, na nusu ya pili haijaisamehe mpaka leo.

"Shikamoo, mzee," Mfaume alisema hatimaye.

Mzee Kibwana alimzunguka kijana polepole, akapapasa upara wa kushoto wa Mfaume, kisha akapapasa upara wake mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nimepita mtaani kwetu sasa hivi, wote niliokutana nao wamenyoa kulia, wapotoshaji wakubwa! Wewe peke yako umemwona Waziri kama nilivyomwona mimi."

Mfaume alifungua kinywa. Chausiku alimkanyaga mguu. Kinywa kikafungwa.

"Mzee," alidakia Bwana Mnubi, "na mimi je? Mimi sina nywele kabisa. Nimezidi hata uzalendo wenyewe."

"Hapo ndipo penye tatizo, Bwana Mnubi. Serikali imetaka nusu ibaki. Yako iko wapi?"

"Lakini mzee, mimi nina upara tangu ujana!"

"Yaani ulianza kupinga tangu ujana," alisema Mzee Kibwana kwa masikitiko, "nami nikala ugali wako."

Bwana Mnubi akachukua kofia yake, akakumbuka waraka, akaitia mfukoni, akaondoka.

Mfaume aliona ni vizuri kumaliza jambo kabla halijageuka tena. Akatoa simu. "Baba, kuhusu mahari, naweza kuituma sasa hivi kwa Fahari."

Mzee Kibwana alitazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akashusha sauti.

"Weka hicho kidude mfukoni, mwanangu. Fahari ni ya kulijenga taifa. Binti yangu ni wa mbuzi."

Mfaume alikimbia kwa mjomba wake aliyekaa mtaa wa pili, akarudi akimvuta beberu mwekundu mwenye ndevu, na kuahidi kwamba wenzake wako njiani. Beberu aliingia sebuleni, akamtazama Mzee Kibwana upande mmoja, akamtazama upande wa pili, akalia kwa nguvu: "Mee!"

"Amethibitika," alisema mzee, akaifunga kamba kwenye mguu wa kiti. Hapakuwa na hotuba. Uani, mkewe aliruhusu mzigo wa mwisho wa mtama uingizwe ghalani.

Kisha Mzee Kibwana akakumbuka kwamba, kwa mujibu wa mila, kuna mtu mwingine wa kuulizwa. Akajikohoza, akasimama wima zaidi.

"Na wewe, Chausiku binti yangu. Tusije tukaambiwa hatukukuuliza. Mposaji ni huyu, mbuzi ni huyu. Unasemaje?"

Chausiku aliinua uso. Alimtazama baba yake, akamtazama Mfaume, akamtazama beberu, na akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Mee."